Zawadi Iliyofichwa Pilipili

 

Tumepokea suala kutoka kwa mmoja katika wasomaji wetu, naye ni mama wa watoto. Asema kwamba mwanawe mkubwa aliyeko ng'ambo amewaletea ndugu zake kisanduku cha chokoleti, na ndani ya kila chokoleti mna pilipili kavu nzima, ya namna ile inayosifiwa kuwa kali kuliko zote. Watoto wamekwisha kupatana kwamba watawapa wenziwao chuoni bila ya kuwaambia kitu. Mama huyu ataka kujua: Je, kitu hiki ni halali kuliwa? Na kumpa mtu kwa mzaha kuna kosa gani, maadamu si sumu, wala si nguruwe, wala si ulevi?

Lau suala hili lingalitufikia kabla ya Idi iliyopita, pengine tungalilijibu kwa mistari mitatu, kisha tukaendelea na mambo mengine. Lakini jambo lenyewe limetupata sisi wenyewe. Wazee wetu husema, pilipili usiyoila yakuwashiani. Na hii twaweza kusema tumeila, ijapokuwa haikuingia vinywani mwetu.

Yapasa kwanza kitu chenyewe kijulikane, kwani huwezi kukihukumu usichokifahamu. Pilipili tuijuayo sisi, ya mchuzi wa samaki, na achari, na mbatata za karai, na maembe mabichi yanayouzwa mlangoni mwa skuli, ni pilipili yenye adabu yake. Asili yake si ya huku. Ilitoka katika nchi za Marekani, na Wareno wakaieneza kwa merikebu zao baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kakao nayo, ambayo ndiyo mama wa chokoleti, ni ya huko huko. Na watu wa kale wa Meksiko walikuwa wakitia pilipili katika kinywaji chao cha kakao, na kila mnywaji akijua anywacho. Basi kuvichanganya vitu hivi viwili si jambo la jana, wala si la kulaumiwa.

Lakini wa zama zetu hawakutosheka. Mwaka 1912 mtaalamu wa madawa wa Kimarekani, Wilbur Scoville, alitunga njia ya kupima ukali wa pilipili: aliitia katika maji ya sukari, akawa akiyazidisha maji mpaka waonjaji wasihisi tena kuwashwa. Leo kazi hiyo hufanywa kwa mitambo, lakini daraja zaitwa kwa jina lake. Pilipili ya Meksiko iitwayo jalapeño haizidi sana daraja 8,000. Habanero, ambayo pilipili mbuzi ni katika ukoo wake, na moja kwetu yatosha sufuria nzima, huwa kati ya 100,000 na 350,000. Mwaka 2013 kitabu cha Guinness kilitangaza kuwa pilipili kali kuliko zote duniani ni Carolina Reaper, iliyozalishwa na Ed Currie wa South Carolina, na ukali wake kwa wastani wapita 1,500,000. Mwaka 2023 bwana huyo huyo akaishinda pilipili yake kwa nyengine, Pepper X, yenye 2,693,000. (Hatujapata kusikia mtu aliyeshikwa na njaa akaomba pilipili ya namna hii.) Na Carolina Reaper ni katika zile zinazokaushwa, zikachovywa katika chokoleti, zikapangwa katika visanduku vya kupendeza na kuuzwa kuwa zawadi ya kuchekeshea watu.

Sasa zingatia, ndugu msomaji, kazi ya ile chokoleti. Kinachowasha katika pilipili ni kitu kiitwacho kapsaisini. Mwaka 1997 mtaalamu David Julius na wenziwe walivumbua kwamba katika mishipa yetu ya maumivu kuna kama mlango mdogo unaofunguka kwa moto upatao digrii 43, na kwamba kapsaisini huufungua mlango huo huo. Kwa kazi hiyo alipewa zawadi ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Maana yake ni kuwa ulimi haukuungua, ila mwili umeambiwa kuwa waungua, nao huamini. Moyo hupiga mbio, jasho hutoka, tumbo hujikaza, na pengine mtu hutapika. Wala maji hayasaidii kitu, kwani kapsaisini haiyeyuki katika maji; maziwa ndiyo yafaayo.

Mtu apewaye pilipili iliyo wazi ana walinzi wake: macho huiona, pua huinusa, na ncha ya ulimi huigusa kwanza kabla meno hayajaifikia. Chokoleti yawalaza walinzi hao wote. Siagi ya kakao hukaza katika baridi na huyeyuka katika joto la kinywa (na kwetu sisi, siku za kaskazi, huyeyuka hata mkononi). Utamu hutangulia. Mlaji hutulia, hutafuna, na mpaka ukali utokeze, kilichotafunwa kimekwisha kuenea kinywani kote na pengine kimeshamezwa. Basi chokoleti hapa haikutiwa ili kuipunguza pilipili makali. Imetiwa ili isijulikane.

Wako watakaosema kwamba twakuza jambo dogo, na kwamba mwasho hupita kwa robo saa. Kwa wengi ni kweli. Lakini mwaka 2018 waganga wa Marekani waliandika habari ya mtu wa miaka 34 aliyekula Carolina Reaper moja katika mashindano. Akapatwa na maumivu ya kichwa ya ghafula kama radi, na walipompiga picha wakaona mishipa ya damu ya ubongo imejikaza. Alipona. Aliyekuwa na miaka 14 katika jimbo la Massachusetts, mwezi wa Septemba 2023, hakupona. Alikula kibanzi kimoja kilichopakwa unga wa pilipili hizi, kilichokuwa kikiuzwa kwa watu kushindania nani atavumilia, akafa siku ile ile. Uchunguzi wa serikali ulieleza kwamba moyo wake ulisimama baada ya kula kitu chenye kapsaisini nyingi, na kwamba alikuwa na moyo uliotanuka na kasoro ya mshipa wa moyo. Waliokitengeneza wakakiondoa madukani. Na mwezi wa Julai 2024 huko Tokyo, mwanafunzi mmoja alichukua vibanzi vikali vya namna hiyo akaenda navyo skuli akawagawia wenziwe. Kumi na wanne katika wao wakapelekwa hospitali, na pakiti yenyewe ilikuwa imeandikwa kuwa wasio na miaka 18 wasile.

Hapa ndipo tunapolazimika kuyasema yaliyotokea kwetu.

Siku ya pili ya Idi, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tumekaa kwenye baraza tunapofanyia darasa letu. Yuko kati yetu mzee mmoja, jina lake hatulitaji, ambaye wengi katika sisi tulisoma alifu na be mbele yake, nasi mpaka leo twamwita Maalim. Akaja kijana wetu mmoja aliyerudi likizo kutoka Marekani. Akatoa salamu, akambusu Maalim mkono, akafunua karatasi ya dhahabu iliyokuwa na chokoleti tano.

"Maalim," akasema, "twaanza na mkubwa."

Maalim akamwombea dua, akataja jina la Mungu, akaitia yote kinywani. Na nyuma ya yule kijana mwenziwe alikwisha kuinua simu.

Kwa kitambo kidogo uso wa Maalim ulikuwa wa kawaida, hata akaanza kusema, "Tamu, mwanangu." Kisha sauti ikakatika. Macho yakamwaga machozi, jasho likamshuka chini ya kofia, na mkono ukawa watafuta ukuta. Hakutema. Baadaye tulikumbuka sababu: ni yeye aliyetufundisha tulipokuwa wadogo kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia chakula ila, na kwamba hakuidharau zawadi hata ikiwa ni kwato ya mnyama. Kukitema kitu cha mtu mbele ya macho yake, naye amekubusu mkono, Maalim aliona ni kumtahayarisha. Akameza.

Nasi tulicheka. Twaliandika neno hili kwa sababu lingeandikwa na mwengine lau sisi tungalilificha. Si sote tuliocheka, wala si kwa muda mrefu. Lakini kicheko kilitoka katika baraza la darasa, kimo ndani ya picha ile, chasikika, na kila mtu aitambua sauti yake. Kabla ya Magharibi picha ilikuwa imezunguka mji mzima kwa simu, ikavuka bahari ikamfikia mjukuu wa Maalim aliyeko Muscat. Maalim ana vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Kijana hakulijua hilo, kwa kuwa hakuuliza. Usiku ule mzee alipelekwa hospitali, na kwa rehema za Mungu alirudi nyumbani siku ya tatu. Kwenye baraza hakurudi.

Twarudi kwenye suala tuliloulizwa. Katika kula: pilipili ni katika vitu safi, na asili yake ni halali, chokoleti kadhalika. Lakini wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamekataza kula kinachodhuru, hata kama ni safi, kama vile sumu na kioo; na Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitie katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Basi mtu mzima aliyezoea ukali, mwenye afya, akala kwa kujua na asidhurike, hatuna la kumwambia ila kumstaajabia. Mwenye maradhi ya moyo au ya tumbo, au pumu, haimfai. Na wanaoila kwa kuwekeana fedha, hiyo ni kamari, na pilipili haina dhambi yake.

Katika kumpa mwenzako hali hajui, neno ni jengine kabisa. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaliona fungu la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikapata umaji. Akamwuliza mwenyewe kuna nini, akajibiwa kuwa nafaka ilipatwa na mvua. Akamwuliza mbona basi hakuliweka lile lililorowa juu ili watu walione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tuiangalie hadithi hii vizuri. Nafaka iliyorowa ni halali. Mvua haikuletwa na yule muuzaji. Kosa lake lilikuwa ni mahali alipoiweka: kikavu juu, kibichi chini. Na huyu wetu ameweka tamu juu, akaweka chini kitu ambacho lau kingalikuwa juu hapana mtu angalikigusa. Yule wa sokoni alitaka kuuza mali yake, naye ana haja ya maisha. Huyu alitaka kutazama tu.

Watasema: ni mzaha, na Mtume alikuwa akifanya mzaha. Ndiyo, alikuwa akifanya, na katika mzaha wake hakusema ila kweli. Mtu alimjia akamwomba mnyama wa kupanda, naye akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia jike. Mtu yule akaona shida, atafanya nini na mtoto wa ngamia? Ndipo akambainishia kwamba kila ngamia amezaliwa na ngamia jike. Fumbo lilipofumbuliwa, mwenye haja alikuwa ameahidiwa ngamia wa kupanda. Katika baraza letu waliocheka ni wote isipokuwa mmoja.

Na safarini, sahaba mmoja alilala, wenziwe wakaichukua kamba aliyokuwa nayo, akaamka kwa fazaa. Kamba haikumdhuru mwili hata kidogo, wala haikupotea. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) aliwaambia kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Ikiwa kamba iliyofichwa kwa dakika moja imehukumiwa hivyo, watu wenye akili na wapime kilichofichwa ndani ya chokoleti.

Watasema tena: lakini alikula kwa mkono wake. Neno hili ndilo tulilolisikia sana baada ya Idi, na lina jawabu katika kitabu kinachosomeshwa misikitini mwetu. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, imo mas-ala ya mtu aliyemkaribisha mgeni chakula chenye sumu. Ikiwa mgeni ni mtoto asiyepambanua, au mwendawazimu, naye akafa, mwenyeji hupasiwa na kisasi. Ikiwa ni mtu mzima mwenye akili zake, naye hakuijua hali ya chakula, kauli yenye nguvu ni kuwa hulipa dia; na ziko kauli nyengine mbili, moja kuwa ni kisasi, na moja kuwa hakuna kitu. Hatusemi kwamba pilipili ni sumu, wala hatumfananishi kijana wetu na muuaji, Mungu atuepushe. Twalotaka kuonyesha ni mahali wanavyuoni walipoutazama msingi wa jambo: nani alijua, na nani hakujua. Mkono wa mlaji kukiinua chakula haukumtoa mwenyeji katika dhima, kwa sababu mkono ule uliongozwa na dhana njema. Na mtoto wamemweka mbali na mtu mzima, kwa kuwa mtoto hana hata hiyo nafasi ya kuuliza.

Wako wanaojitetea kwa maandishi. Ni kweli, visanduku hivi vimeandikwa maonyo: visipewe watoto, visiliwe na wenye mimba, wala wenye maradhi. Lakini mfanya mzaha huitoa chokoleti kisandukuni kabla ya kwenda nayo kwa watu. Onyo hubaki nyumbani, pipi ndiyo inayotembea.

Kwa wenzetu wenye maduka tuna neno moja. Akija mnunuzi ambaye ni mtoto, msimwuzie. Na akija mtu mzima, mwambieni kwa ulimi kilichomo, msiyategemee maandishi ya lugha ambayo nusu ya wateja wenu hawaisomi.

Na wewe mama uliyetuandikia: kisanduku kitoe mikononi mwa watoto leo hii, usingoje kesho. Chuoni wako watoto wenye pumu, na mwalimu hawajui wote. Waambie wanao kwa nini, wala usiwapige, kwani hawa waliipata fikira hii kwa wakubwa. Ukitaka kuisalimisha mali isipotee bure, chokoleti hizo zaweza kuvunjwa na pilipili ikatolewa kwa kijiko, usiishike kwa vidole kisha ukajigusa macho. Na kipande kidogo sana chatosha chungu kizima cha achari, baada ya kuwaambia walaji. Kama waona taabu, zitupe mahali ambapo mtoto hatafika. Na mwanao wa ng'ambo mwandikie kwa upole kwamba zawadi imefika. Zawadi imeamrishwa kwetu ili ilete mapenzi kati ya watu, naye bila shaka aliituma kwa mapenzi.

Wiki iliyopita tulikwenda watatu nyumbani kwa Maalim kumtaka radhi. Alitupokea kama ilivyo desturi yake, akaamrisha kahawa na sahani ya tende, akatusamehe kabla hatujamaliza maneno tuliyokuwa tumeyapanga njiani. Tulipomwomba arudi darasani alinyamaza kidogo. Kisha akasema kuwa hana kinyongo na mtu, ila angependa yule kijana aje mwenyewe, na aje pamoja na yule aliyeshika simu. Aliyeshika simu alikwenda siku ya pili yake, akakaa kwa Maalim mpaka adhana ya Isha. Yule mwengine alikuwa amekwisha kurudi Marekani. Tumemwandikia, na mpaka siku ya kuandika makala haya jawabu yake haijatufikia.